Reza Kari ya Ndege

Mke wangu Rosaline alipanda robo ekari ya wimbi nyuma ya nyumba yetu hapa Kitale, kwa mbegu ya mwisho aliyoachiwa na marehemu mama yake kule Bumula, upande wa Bungoma. Mbegu hiyo haiuzwi dukani. Ndege wakiimaliza, alisema, mama atakuwa amekufa mara ya pili. Aliyasema hayo akiwa ameshika debe bovu na fimbo, tayari kwenda kuwafukuza.

Mimi nikamwambia aweke debe chini. Nilikuwa fundi wa maabara ya shule kwa miaka thelathini, nikastaafu na koti jeupe na maoni mengi. Nikamweleza kwamba kuna nchi ambako ndege hufukuzwa kwa mwali wa leza: huuona kama fimbo inayowajia, wakatoroka bila kelele yoyote. Ningemtengenezea moja ya kushika mkononi. Rosaline akaliweka debe nyuma ya mlango. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma.

Nikaanza na betri. Mawe ya tochi yalikufa kabla sijamaliza kuyasifu. Betri ya pikipiki ilikuwa na nguvu za kutosha, lakini niliibeba begani kuzunguka shamba mara moja tu, na bega likaniuma siku mbili. Mwishowe nikaamua kwamba dawa ni zile betri nene kama kidole gumba zinazotolewa ndani ya laptop kuukuu, ndogo lakini zina moto mwingi. Kitale sikupata nzima hata moja. Jirani yangu Kemboi akanipa namba ya Daud, fundi wa laptop karibu na msikiti Bungoma, mzaliwa wa huko huko.

Hapa niseme ukweli wangu. Tangu nioe nimewacheka mashemeji zangu kwa kuchanganya l na r. Shemeji akisema atarudi kwake "kurara," mimi humsahihisha mezani, mbele ya watoto wake. Kwa hiyo sikutaka kubahatisha na Daud. Nilimrekodia ujumbe wa sauti, neno baada ya neno, kama mtu anayesomea watoto imla.

Akajibu: sawa mwalimu, reza ataunda, nimpe wiki moja. Mimi si mwalimu, lakini hilo sikumsahihisha. Kuhusu hiyo "reza" nilitabasamu, nikamsamehe. Akauliza kama ndege ni wengi. Nikamjibu ni mamia. Basi betri ziwe nne, akasema, si mbili. Nikaona nimepata mtu anayeijua kazi yake.

Wiki hiyo ndege walianzia upande wa ua wakaja hadi katikati ya shamba. Kila asubuhi Rosaline alisimama mlangoni akauliza ni lini. Nilimjibu kwamba sayansi haina haraka.

Siku ya nane nikashuka Bungoma. Daud aliniagizia chai, kisha akafunua kitambaa mezani. Ilikuwa kazi safi kabisa: mwili wa tochi, betri nne ndani, swichi, na mbele yake meno ya mashine ya kinyozi. Akaiwasha, ikanguruma. Kwake reza ni wembe wa kunyolea: alidhani nina kuku wa hoteli wa kutolewa manyoya, na akanihakikishia kwamba hii itanyoa kuku mia bila kuchajiwa.

Nikavuta pumzi, nikaanza somo. Nikamweleza kwa upole kwamba neno lenyewe lina l, kwamba ulimi wa huku una shida zake, na kwamba simlaumu. Daud alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua simu yake, akabonyeza, na wateja watatu pamoja na mama wa chai wakasikia sauti yangu, polepole, kama ya imla: "Nataka reza ya mkono. Reza kari, ya ndege. Betri iwe na nguvu, isirare."

"Mimi ni mtu ya Bungoma, mwalimu," Daud akasema. "Lakini hiyo sauti si yangu."

Mimi ni Ngige, na wazazi wangu walitoka Nyeri wakanunua shamba huku. Lugha ya mama yangu haina l hata ya dawa. Kwa miaka hamsini na tisa nimesema r na kusikia l. Nyani haoni kundule. Daud alitaka kuifungua anitolee betri, nikakataa. Niliibeba vilevile ilivyo, kwa aibu.

Nilipofika nyumbani, nusu ya wimbi ilikuwa mabua matupu. Nilimweleza Rosaline kila kitu, hata ile sauti. Nilitamani acheke. Hakucheka.

"Baba Tabby, ndugu zangu wanakusikia ukisema 'reo' kila siku," akasema. "Walinyamaza kwa sababu wewe ni mkwe."

Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na debe na fimbo, akaniwekea mikononi.

"Shika reza yako."

Leo ni siku ya kumi na moja niko shambani, napiga debe kuanzia alfajiri. Mbegu itatosha, ingawa kwa shida. Asubuhi shemeji alipiga simu kutoka Bumula kuuliza habari za wimbi la mama. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ndege wameanza kuniogopa, na mimi sirari. Akanyamaza kidogo, kwa heshima, kisha akanishukuru.