Mafuta ya Nywele Ndani ya Giaboksi

Boga alikwenda kuposa na gari lisilokuwa lake, lenye mafuta yasiyokuwa yake. Haya, tuanze na gari.

Lilikuwa la mzungu mmoja wa Diani, watu walimwita Bwana Kiko kwa sababu kiko chake hakikutoka mdomoni hata akiogelea. Gari la mbio, jekundu, viti viwili basi, paa la turubai, na fupi! Mbuzi akisimama kando yake anakuchungulia kutoka juu. Mwaka huo wa hamsini na sita Bwana Kiko alipanda meli kwenda kwao likizo, akamwachia dereva wake Boga ufunguo na maneno machache: "Ulipashe moto kila wiki. Usiende nalo mbali."

Boga akalipasha. Akalipasha mpaka Kinondo. Akalipasha mpaka Ramisi, wakata miwa wakasimamisha mapanga kumtazama. Siku moja akalipasha juu ya jiwe la matumbawe, tumbo la gari likalia kwaa! Nati ya chini ya giaboksi ikang'oka, mafuta yote yakanywewa na mchanga.

Nati aliipata. Mafuta je? Mafuta yenyewe yaliuzwa Mombasa, ng'ambo ya kivuko, na mwenye duka alikuwa akicheza karata na Bwana Kiko kila Jumamosi. Kwenda kuuliza pale ni kujipeleka mahakamani mwenyewe.

"Mafuta ni mafuta," akasema rafiki yake Tembo, fundi wa baiskeli, mtu ambaye gari alikuwa hajalifungua hata boneti. "Gia inataka nini? Inataka kuteleza. Ya nazi hayatelezi?"

Nyumbani kwa kina Boga kulikuwa na debe la mafuta ya nazi, mama yake alilikamua kwa mikono yake kisha akaenda Vanga kumtazama dada yake. Debe likaingia ndani ya giaboksi. Na wallahi, gari likaenda! Jua la Diani likiwaka, gia zilikuwa zikiingia bila hata kubisha hodi. Asubuhi ndiyo ilikuwa na matata kidogo, gia ya pili ilikuwa ikikataa kabisa. Boga akajizoeza kuiruka, kutoka ya kwanza moja kwa moja mpaka ya tatu, na mtu akimuuliza anasema, "Magari ya mbio ya Ulaya ndivyo yalivyo. Asubuhi huwa hayataki mazungumzo."

Sasa, juu Kwale kulikuwa na Mwanaima, binti wa Mzee Abdurahman. Boga alikuwa amemwona kwenye harusi moja Msambweni, na tangu siku hiyo chakula kikawa hakimshuki. Posa haipelekwi na bwana harusi mwenyewe, inapelekwa na mjomba. Kwa hiyo mjomba wake, Suleiman, akakunjwa akatiwa kwenye kile kiti cha pili, magoti yakifika kidevuni, kofia ameishika kwa mikono miwili, wakaupanda mlima alasiri jua likiwa kali. Gia laini kama maziwa ya mtindi. Watu wa Kwale walitoka nje kutazama.

Mjomba akaingia sebuleni, Boga akabaki barazani. Kazi yake ilikuwa moja tu: kunyamaza.

Mzee Abdurahman akasikiliza posa mpaka mwisho, kisha akasema, "Jibu nitakupa, Suleiman, lakini si leo. Kesho asubuhi nateremka Msambweni kumwozesha binti wa marehemu ndugu yangu. Mimi ndiye walii wake, nisipofika hakuna nikaha. Nitapanda basi la alfajiri. Lala hapa, nikirudi tutazungumza."

"Basi la nini, baba?" Sauti kutoka barazani hiyo! "Nitakupeleka mimi!"

Mjomba akafumba macho. Mzee akageuza shingo polepole. "Huyo anayesema ni nani?"

"Ni dereva," mjomba akajibu kwa aibu.

"Haya. Basi nitaliacha lipite. Tutaona udereva wake."

Ule ulikuwa mwezi wa Julai. Asubuhi Kwale ilivaa ukungu, huoni hata mnazi wa jirani, na baridi ile ya mlimani inayokufanya uonee wivu kuku kwa manyoya yake. Basi lilikuwa limekwisha kupita. Mzee Abdurahman akatoka na kanzu ya sherehe, joho, kilemba, bakora, akaingia garini kwa heshima zake zote. Boga akawasha. Mtambo ukanguruma vizuri. Akakanyaga klachi, akasukuma gia ya kwanza.

Gia haikwenda popote.

Akasukuma tena. Akavuta. Akashika kwa mikono miwili kama anang'oa muhogo. Ndani huko kukatoka mlio, krrrrraaa, wa kutia meno ganzi, na kuku wa nyumba nzima wakatawanyika.

"Nini hiyo?" akauliza mzee.

"Magari ya mbio, baba. Asubuhi huwa yanaringa."

"Linamringia nani? Mimi?"

Majirani wakaanza kujaa. Kwale huhitaji kupiga mbiu, gari likilia mara moja tu mji mzima uko uani kwako na vikombe vya chai mkononi.

"Lisukumeni literemke mlima lenyewe!" mmoja akashauri.

"Bila gia?" mzee akaruka. "Mnataka nifike Msambweni au nifike akhera?"

"Kote kunafikika, mzee, kumoja ni karibu zaidi."

Watu wakacheka, isipokuwa mjomba Suleiman, aliyekuwa ameketi barazani akiiona posa yake inaoza. Msambweni bibi harusi amekwisha kupambwa, sheikh anamngoja walii, na walii ameketi ndani ya kiatu chekundu kwenye ukungu. Ikiharibika nikaha ile, nani atampa Boga mke katika ukoo ule? Hata paka wao asingempa.

Hapo ndipo akatoka Bi Dama, mama yake Mzee Abdurahman, kajifunga leso juu ya leso. Akalizunguka gari. Akanusa. Akainama akanusa tena.

"Mbona nasikia harufu ya kichwa changu?"

"Mama, rudi ndani, kuna baridi," mzee akasema.

"Nyamaza, Abdurahman. Harufu hii naijua toka sijakuzaa." Akaingia ndani, akatoka na chupa yake ya mafuta ya nywele. Akaigeuza kichwa chini miguu juu. Halikutoka tone. Yalikuwa yameganda, meupe, magumu kama mshumaa, kama yanavyoganda kwenye kila nyumba Kwale asubuhi ya Julai, mpaka wanawake wayaanike juani ndipo wapake. Bi Dama akaitazama chupa, akalitazama gari, akamtazama Boga. "Umelitia nini hili, mwanangu?"

Boga jasho likamtoka, kwenye baridi ile! "Mafuta ya Ulaya, bibi. Ya gari."

"Ulaya wanakuna nazi siku hizi?"

Bi Dama hakungoja jibu. Akaagiza chetezo, kile cha udongo cha kufukizia udi, kikajazwa makaa mekundu. "Nyumba hii tumeyeyusha mafuta ya maharusi wengi. Tutayeyusha na ya huyu bibi harusi wa chuma." Aliyekileta chetezo alikuwa Mwanaima mwenyewe. Akatandika gunia, akakisukuma kwa kijiti chini ya tumbo la gari, na akiwa amejiinamia pale karibu na mlango wa dereva akanong'ona, "Wewe. Mwambie baba kweli."

"Nikimwambia atanikataa."

"Usipomwambia nakitoa chetezo. Na nitakukataa mimi."

Boga akasimama juu ya kiti, paa likiwa limekunjwa, ili watu wote wamwone, sijui kwa nini, labda alidhani ukweli unasemwa ukiwa juu.

"Baba, ni mafuta ya nazi! Ya mama yangu! Nimemwibia debe zima! Niligonga jiwe, mafuta ya mzungu yakamwagika, na gari si langu na sikuruhusiwa kulileta huku!"

Makaa yakalia pa, pa.

"Kwa hiyo," mzee akasema taratibu, "gari si lako. Mafuta si yako. Wewe kilicho chako ni nini?"

Boga akafikiri. "Mjomba ni wangu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee hakucheka, lakini masharubu yalimcheza kidogo, akaitumia bakora kuyaficha.

Kidogo kidogo kukaanza kunukia kama chumba cha msusi. Boga akajaribu gia. Ngumu. Akajaribu tena. Tap. Ikaingia! Wanawake wakapiga vigelegele, na gari likateremka mlima kuelekea Kombani likinuka nazi, mzee ameshika kilemba. Msambweni walimkuta sheikh amekwisha kuvaa viatu vyake aondoke. Akavivua. Nikaha ikafungwa, na wanawake wakaulizana kwa nini walii wa Kwale amejipaka mafuta mengi hivyo.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa kali. Mzee alikaa kimya njia nzima, maana jibu la posa anapewa mjomba, si mposaji. Walipofika Kombani tu akasema, "Hebu." Akaushika mkono wa gia, akauvuta mwenyewe kwenye ya pili huku Boga akikanyaga klachi. Ikaingia bila sauti.

"Mm," akasema mzee.

Kwale akashuka, akampita mjomba Suleiman barazani, akarudi akasimama mbele yake. Boga alikuwa hapo hapo, angeweza kuwagusa.

"Suleiman. Mwambie mpwa wako posa nimeipokea. Lakini kabla ya mahari kuna debe moja la mafuta ya nazi, alikamue kwa mikono yake mwenyewe, ampelekee mama yake. Likifika, tupange siku."

Mjomba akageuka. "Boga, anasema—"

"Nimesikia, mjomba."

"Nyamaza! Jana hukunyamaza!" Akavuta pumzi, akamwambia upya, neno kwa neno, tangu mwanzo, na Boga akasikiliza tena kama hajasikia. Ndani, nyuma ya pazia, Mwanaima alikuwa akimwuliza Bi Dama nazi ngapi hutoa debe moja.