Samli Bila Udongo

Jumapili ile, katika kanisa la Genkuru, benchi la wasichana lilikuwa na watu saba upande mmoja, na Efrazia peke yake upande wa pili. Mama yake, Bernadetha, aliliona hilo tangu wimbo wa kwanza. Ibada ilipokwisha, Simioni, mwalimu wa dini, alimwita pembeni.

"Mama Efrazia, ile barua ya shule siwezi kuiandika."

"Kwa nini, mwalimu? Mtihani si amepasi?"

"Amepasi, sikatai. Lakini ile miguu. Masista wa ng'ambo ya mto humkagua kila msichana ngozi kabla hajapewa kitanda. Wakiuona ukoma ule watamrudisha, na mimi hawatanisikiliza tena. Lori la misheni linapita baada ya wiki mbili. Kama hajapona, nafasi nitampa mwingine."

"Nimesikia," alisema Bernadetha. Akamshika binti yake mkono, wakapita katikati ya watu. Alimshika makusudi, wamwone.

Ngozi ilikuwa mbaya kweli, hapo hakujidanganya. Tangu kiangazi kianze miguu ya Efrazia ilikuwa imepasuka kama tope la bwawa lililokauka, mikono imefanya magamba meupe, na alipojikuna palitoka damu. Lakini ukoma Bernadetha aliujua. Marehemu mumewe alikuwa na shangazi aliyeugua, bibi aliyekuwa akiipua chungu cha moto kwa mikono mitupu, asijue kama anaungua mpaka aambiwe.

Walipofika nyumbani alichukua unyoya wa kuku.

"Funga macho. Nikikugusa, taja mahali."

"Kifundo," alisema Efrazia. "Goti. Kiwiko. Mama, hapo unanitekenya."

Aligusa kila gamba na kila ufa. Hapakuwa hata na mahali pamoja palipokufa ganzi. Bernadetha aliurudisha unyoya juu ya mlango, akakaa chini.

"Si ukoma," alisema. "Sasa tutafute ni nini."

Siku tatu alimtazama mtoto anavyojiosha. Asubuhi Efrazia alikwenda mtoni akajisugua kwa jiwe na sabuni ya mche. Jioni alijiosha tena kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, kwa sababu aliogopa kuitwa mchafu. Magamba yakizidi, naye alizidi kusugua. Lakini kwapani na nyuma ya magoti, mahali jiwe lisipofika, ngozi ilikuwa laini.

Siku ya tatu alikuja wifi yake, Mokami, kuomba kaa la moto. Mokami alikuwa hajabatizwa wala hana haraka. Alimzidi Bernadetha miaka kumi, na miguu yake iling'aa kama kibuyu cha maziwa.

"Wifi, ninyi wa kanisani mmetakata mpaka mnabanduka," alisema. "Mlipomwacha shetani mkaiacha na samli. Sijui shetani alikuwa amejificha kibuyu gani."

"Chukua moto wako uende," alisema Bernadetha, lakini alikuwa anacheka.

Ilikuwa kweli. Miaka minne nyuma, kabla ya ubatizo, Simioni aliwafundisha waache kujipaka samli na udongo mwekundu wa ngoma. Nao wakaacha vyote, wakamwaga hata samli iliyokuwa jikoni. Wakati wa kiangazi Mkristo alitambulika mbali kwa miguu yake meupe, na wengine waliuonea fahari weupe ule kama rozari shingoni. Bernadetha mwenyewe aliuonea fahari. Sasa, akisaga ulezi, alikumbuka kwamba siku ile ile ya ubatizo padri alimpaka mafuta kwenye paji la uso. Kilichokatazwa kilikuwa ngoma. Ng'ombe hakuwa na kosa.

Akasukasuka maziwa. Siagi akaiosha kwa maji ya chemchemi mara saba, mpaka maji yakatoka safi na ile harufu ya uchachu ikaisha, kisha akaichemsha taratibu. Udongo hakutia. Jiwe akalitupa, magadi akayarudisha kwenye mboga.

"Sabuni kwapani na nyayoni tu," alimwagiza Efrazia. "Maji ya vuguvugu, upesi, utoke."

Kisha akampaka samli kidogo, mwili ungali umelowa.

"Mama, sijakauka."

"Ndiyo maana nakupaka sasa. Samli haileti maji. Inayafungia yaliyopo."

Siku mbili za kwanza nyufa zilimwasha, Efrazia akalia. Siku ya nne hakujikuna. Siku ya tisa magamba ya mikono yalikuwa yamekwisha, na miguu ilianza kurudia rangi yake.

Siku ya kumi Simioni akaja, amekunja uso.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Efrazia.

"Marahaba. Mama Efrazia, nasikia nyumba hii imerudia samli."

"Imerudia. Udongo haumo, ngoma haimo. Mwalimu, mafuta aliyonipaka padri, yalinirudisha upagani?"

Simioni alikohoa. "Yale yamebarikiwa."

"Na haya nimeyaombea. Chukua unyasi huu. Mwanangu atafumba macho, mguse utakapo. Mwenye ukoma hatakutajia."

Simioni akachutama, kwa shida kidogo.

"Kidole kidogo," alisema Efrazia. "Muundi. Goti." Kisha Simioni akaushika unyasi hewani, akimtega. "Mwalimu, bado hujanigusa."

Simioni akaangalia miundi yake mwenyewe, iliyochoreka mistari meupe kama iliyonyeshewa majivu. Aliomba kalamu. Alipomaliza barua aliuliza, akitazama pembeni, kama samli ilibaki kidogo.

"Imebaki," alisema Bernadetha. "Lakini jiwe la kujisugulia ulitupe."

Lori lilipopita walipanda mama na binti. Huko misheni, Sista mzee mwenye miwani alipitisha vidole kwenye miguu ya Efrazia, juu mpaka chini, akageuza na nyayo. Akatia alama kwenye karatasi, akamwonyesha mlango wa bweni. Efrazia aliingia bila kugeuka nyuma.

"Ngozi hii imetunzwa na nani?" aliuliza Sista.

"Na mimi."

"Kwa dawa gani? Hapa nina wasichana wengi, kiangazi hiki wanapasuka miguu, na mafuta ya dukani yametuishia."

Bernadetha akaeleza. Sista akamwomba asimame kidogo, akavuta daftari, akachovya kalamu.

"Rudia, mama. Pole pole."

Bernadetha aliweka kikapu chini, akanyoosha kitenge chake. "Siagi uioshe kwa maji saba," alianza, na alingoja mpaka kalamu iliposimama ndipo akaendelea.