Figa la Tatu

Usiku wa jana niliota nafundisha darasa la sita kitenzi cha Kiingereza, rebuild, nacho chenyewe kimekaa dawati la mbele, kimevaa ovaroli na kushika mwiko wa fundi.

"Maana yake ni kujenga," nikawaambia wanafunzi.

Kitenzi kikasimama. "Mwalimu Semeni, usinivunjie heshima. Anayejenga tu ni mdogo wangu. Mimi najenga upya. Kitu kiwepo kwanza, kisha kianguke, ndipo niitwe."

"Naomba radhi."

"Nimejenga upya madaraja, miji, hata imani ya mke kwa mumewe. Wewe kwako kimeanguka nini?"

Nilikijua vizuri. Jiko la marehemu mama, kule Muheza, liliangushwa na mvua za masika. Mimi na dada yangu, Da Mwanahawa, tukayagombania mafiga yake matatu. Nikaondoka na mawili, yeye moja, na tangu hapo hatusemezani, hata Idi.

Darasa linageuka uwanja wa nyumbani. Wanafunzi wamekuwa fito, wamejipanga wima, wametulia kuliko siku zote.

Mafiga yangu mawili yanakuja yakibiringika kutoka kwangu, ambako kazi yao ni kuzuia mlango.

"Afadhali tumeitwa," linasema la kwanza. "Tumechoka kupigwa mateke."

"Lakini chungu hatukiwezi," linasema la pili. "Figa moja haliinjiki chungu, na mawili ni mzaha."

Kitenzi kinaweka mwiko chini. "Sijengi upya nusu nusu. Lilete la tatu, au niende zangu. Kuna daraja linanisubiri."

Kumbe upande wa pili wa uwanja ni sebule ya Da Mwanahawa. Amekaa kwenye kochi, na figa lake limebeba televisheni. Nimekaa na kiburi changu mwaka mzima, na hakijanipikia hata uji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimekuja kuomba figa."

"Sikupi." Anakunja khanga, anaitia kichwani, anajitwika figa juu yake. "Nalipeleka mwenyewe. Shika ndoo wewe, udongo haujikandi."

Tunakanda udongo kwa miguu, tunakandika kuta kwa viganja. Dada ananirushia tope usoni. Nacheka mpaka nalia, na yeye pia. Paa linapanda lenyewe kwa adabu. Mafiga yanajipanga matatu, chungu kinakaa juu yake, hakiyumbi!

Kitenzi kinavua ovaroli, kinavaa nyingine. "Kazi ikiisha naitwa rebuilt," kinaeleza. Fito zote zinapiga vigelegele, nami nazipita kwa sauti.

Nikaamka, jua limeshapanda. Mlango wangu ulikuwa ukipigapiga kwa upepo, hauna cha kuuzuia. Kisha simu ikaita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Semeni, televisheni yangu nimeikuta sakafuni. Mimi natangulia nyumbani. Wewe njoo na nazi."