Urefu wa Mguu kwa Ndani

Baiskeli tatu zilikaa kwenye simu yangu mwezi mzima, nami nilizitembelea kila nikitoka kazini kama mtu anayezungukia wagonjwa wodini. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba, nyekundu, fremu ya alumini na breki za kubana rimu. Ya pili ilikuwa mpya, ya kijivu, breki za diski, na uma wa mbele wa kaboni ambao muuzaji aliapa kwamba unameza mitetemo ya barabara mbovu. Ya tatu ilidai kuwa kaboni tupu kutoka mbele hadi nyuma, na bei yake ilikuwa ndogo mno. Mtu akikuuzia ng'ombe kwa bei ya mbuzi, usitarajie maziwa. Hiyo niliifuta.

Sikutaka baiskeli ya mabingwa. Nilitaka ya bei ya katikati, ile ambayo mtu wa mshahara wangu anaifikia akisimama kwa vidole vya miguu. Kazi yangu ni kuingiza taarifa za mizigo kwenye kompyuta katika ofisi ya wakala wa forodha, hapa Malaba. Dereva analeta makaratasi, nachapa mzigo ni nini, unatoka wapi, unakwenda wapi. Saruji inakwenda Kampala. Mafuta yanakwenda Juba. Vigae vinakwenda Kigali. Mimi nachapa, kisha nafunga kompyuta na kurudi chumbani.

Siku za kazi zina kelele, na kelele ni aina ya watu. Jumapili ndiyo iliyonishinda. Hata jirani anayepiga redio huenda kwao Marachi, na ploti nzima inabaki na mimi na kuku wa mwenye nyumba.

Jumapili hizo ndipo walipokuwa wakipita wanaume watano wenye baiskeli nyembamba na nguo za kubana, wakitoka Malaba kwenda Busia na kurudi. Kiongozi wao aliitwa Otukei, fundi wa umeme. Siku moja nilimuuliza kama naweza kufuatana nao.

"Barabara ni ya serikali, dada," alisema. "Njoo tu."

Nikaenda na baiskeli yangu nyeusi ya keria, nzito kama lango. Hatukuwa tumetoka mjini vizuri walipoanza.

"Dada, hiyo keria umemwekea nani? Au umetoka kubeba abiria?"

"Mwacheni, anapeleka mahindi kusaga!"

Hawakuwa watu wabaya. Otukei alikaa nyuma nami kidogo, akanieleza kwamba siri yao yote ni mstari. Ukikaa karibu na gurudumu la mwenzako, yeye ndiye anayekukatia upepo. Ukiachwa nyuma kidogo tu, upepo wote unakuwa wako, na hapo hutawapata tena. "Kwa huu mzigo wako hutakaa kwenye mstari," alisema. "Utatukuta Busia." Kisha akainama, akaenda.

Sikuwakuta Busia. Nilipokuwa ninapanda kilima cha Alupe, jasho machoni, wao walikuwa wameshakunywa chai mjini na wanarudi. Walinipungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara. Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili: mkono ule mmoja, upande wa pili wa barabara, ndio uliokuwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Kwa hiyo nilichagua ya kijivu. Nyekundu ilikuwa nzuri, lakini fremu yake haikuruhusu tairi pana kidogo, na ukingo wa barabara yetu umetafunwa na malori. Tairi nyembamba kupita kiasi ingenilaza mtaroni kabla ya kijiji chetu cha Adungosi. Nikaandikia duka la Nairobi. Aliyenijibu aliitwa Kadija.

"Hongera dada! Imebaki saizi ndogo na saizi ya kati. Nitumie urefu wa mguu wako kwa ndani. Vua viatu, simama mgongo ukutani, weka kitabu katikati ya miguu kikiwa kimekaza juu, halafu mwambie mtu wa nyumbani apime kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Tafadhali iwe sahihi, ikishatumwa hatuirudishi. Nakuwekea mpaka kesho jioni, kuna mwingine anaiulizia."

Mtu wa nyumbani. Niliinua macho kutoka kwenye simu, nikatazama. Kulikuwa na kitanda, jiko la gesi, ndoo mbili na baiskeli nyeusi.

Nilijaribu peke yangu. Mtu ana miguu miwili na mikono miwili, lakini kazi hii inataka macho yaliyo chini na mwili uliosimama wima, na hivyo viwili Mungu hakuvitenganisha. Kila nilipoinama kusoma, kitabu kilishuka. Nilipata namba tatu. Moja ilisema saizi ndogo, nyingine ya kati, ya tatu ilikuwa ya twiga.

Ofisini nilikosea nikamtajia Hesbon, mwenzangu wa kazi.

"Mguu kwa ndani?" alisema, akaweka chini kikombe chake. "Boss, hiyo mimi nakupimia bure. Hata mara mbili, tuhakikishe."

Ofisi nzima ilicheka, na ofisi nzima ni wanaume. Nilicheka pia, kwa sababu usipocheka wanasema una maringo. Kisha nikaomba ruhusa, nikapanda lile lango langu, nikaenda Adungosi kwa mama.

Mama yangu, Anjeline, anakaa peke yake tangu baba afariki. Ndugu yangu Okiror yuko ng'ambo, Uganda, na hupiga simu sikukuu zikifika. Mimi niko karibu zaidi, na ingawa kila Jumapili nilipita hapo barabarani, sikuwa nimeingia kwake tangu kupanda mahindi. Sasa yalikuwa yanavunwa. Nilimkuta uani, miguu imenyooshwa, anapukuchua.

"Yoga, mama," nilimsalimu.

"Yoga." Akaniangalia kutoka chini kwenda juu. "Umekonda. Au ni hizo suruali?"

Nilikaa tukapukuchua pamoja, nikamweleza yote: Jumapili, wale wanaume, mstari, upepo. Nilimwambia kwamba kila wakipita hapa Adungosi mimi huwa naja nyuma sana, peke yangu, kama mkia uliokatika. Nikamweleza kwamba nikipata baiskeli yenye saizi yangu sitaachwa tena, na nikikosea saizi, pesa zimekwenda na nitaendelea kuachwa.

"Baiskeli inataka kujua miguu yako?" alicheka. "Baba yako alikwenda Busia, akaipanda, ikamtosha, akarudi nayo."

"Hii haijaribiwi, mama. Iko Nairobi. Unapimwa, unatuma namba, inaletwa kwenye sanduku."

Mkono wake ulisimama kwenye gunzi.

"Upimwe urefu," alisema polepole, "halafu kitu kije kwenye sanduku. Akurut mwanangu, unasikia unavyosema?"

"Mama, ni baiskeli."

"Mtu aliye hai hapimwi. Seremala ndiye anayepima, na anapima mara moja."

"Na fundi wa nguo je?"

"Fundi anapima nguo. Wewe unataka nipime mfupa."

"Nimekuja kwako kwa sababu sina mtu mwingine wa kunipima," nilisema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

Alipukuchua gunzi lile hadi likabaki jeupe, akalitupa, akainuka. Nilimnyooshea utepe wangu wa kupimia, akaukataa kwa kichwa. Alitoka chumbani na kamba ya katani.

"Si huo wenye namba. Namba hukaa. Kamba inaweza kuondolewa."

Nilisimama mgongo ukutani, kitabu cha zamani cha jiografia cha Okiror katikati ya miguu. Mama alipiga magoti mbele yangu. Alikandamiza ncha moja ya kamba kwa kidole gumba pale kisigino changu kilipogusa sakafu, akaivuta juu. Kilemba chake kilinigusa nyonga. Mkono wake wa kushoto ulishika goti langu kwa nyuma lisikunjike, kwa nguvu, kama alivyonishika nilipokuwa naoshwa. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu kunigusa, ukiacha vidole vya muuza duka anaporudisha chenji. Nilisimama vizuri. Nilisimama vizuri kuliko ilivyohitajika.

Akaikata kamba kwa meno. "Tayari."

Nilijitenga na ukuta, nikarudisha kitabu mahali pake, nikavaa viatu. Nilipogeuka hakuwepo. Alikuwa jikoni, amechutama mbele ya mafiga, na kamba ilikuwa inamalizika kuungua.

"Mama!"

"Nini? Kamba ikishampima mtu haiachwi ikalala. Itamkumbuka."

"Sijaisoma!"

Tulitazamana kupitia moshi. Yeye ndiye aliyeanza, kwa pua kwanza, kisha kwa mabega, mpaka akakaa chini kabisa. Nami nikashindwa kujizuia. Tulicheka kama watu waliosahau namna ya kucheka na sasa inawauma mbavuni.

"Mwenye diploma," alisema akifuta machozi kwa ncha ya kanga, "alifikiri kamba inasoma yenyewe."

"Haya, tupime tena."

Kicheko kilimwisha hapo hapo. "Hapana. Mara moja nimeiba. Mara ya pili nitakuwa nakiita kifo mimi mwenyewe."

Nilimjua. Sikubishana. Alichemsha chai, tukanywa, na simu yangu ikalia mfukoni: Kadija anauliza kama bado naitaka, maana yule mwingine yuko tayari kulipa. Jua lilikuwa limeshageuka. Mama aliniangalia ninavyoitazama simu.

"Nilipokuwa nimepiga magoti," alisema, "kamba ilinifika hapa." Akaweka kidole kwenye gauni lake. "Kifungo cha tatu. Nilikiona. Nipime mimi."

"Umesema mtu aliye hai hapimwi."

"Aliye na safari mbele. Mimi nipime tu. Na huo utepe wako wa namba, hakuna ubaya."

Kabla sijasema kitu alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, mgongo wima, mikono imelala mapajani, macho amefumba, kama anavyokaa kanisani akingojea kupokea komunyo. Nilipiga magoti mbele yake. Kwa karibu hivyo niliona kwamba gauni lilikuwa limemwachia mabegani. Yeye ndiye aliyekuwa amekonda. Ningeweza kusema siwezi. Ningeweza kusema tuache, nitabahatisha.

Niliweka mwanzo wa utepe sakafuni, nikauvuta hadi kifungo cha tatu, nikasoma. Saizi ya kati. Nikamtumia Kadija pale pale, nikiwa bado magotini.

"Imetosha?" mama aliuliza, macho bado yamefumba.

"Imetosha."

"Basi. Kwa baiskeli kama hiyo, Malaba mpaka hapa ni kama kwenda kisimani. Utakuwa unakuja."

"Jumapili ikishafika tutapita hapa, mama."

"Nitatoka barabarani nikuone."

Sanduku lililetwa na basi. Niliiunganisha baiskeli mwenyewe, nikifuata video kwenye simu, na nilipoipanda mara ya kwanza kuzunguka uwanja wa malori nilijua kabla ya kufika kona: mguu ulinyooka ulipopaswa kunyooka, mikono ikafika bila kuvutwa. Ilikuwa kama kuvaa kiatu kilichokwisha kukuzoea. Nilitazama huku na huku nipate wa kumwambia. Kulikuwa na dereva mmoja anapiga mswaki kando ya lori lake. "Imenitosha," nilimwambia. "Hongera, sister," alisema kwa Kiswahili cha kule ng'ambo, akatema povu.

Jumapili Otukei aliizunguka na kupiga mluzi. "Kumbe ulikuwa unatuficha! Haya, kaa nyuma yangu, usiachie gurudumu."

Sikuliachia. Alichosema kuhusu upepo kilikuwa kweli. Ndani ya mstari kuna utulivu, hewa imesimama, na miguu inapata nguvu ambayo si yako peke yako. Hakuna aliyenitania. Hakuna aliyezungumza kabisa. Pumzi ilikuwa ya kazi nyingine. Nilitazama tairi la Otukei na mgongo wake, ukanda wa chumvi uliokuwa ukikauka kwenye shati lake, na mimi kwa mwenzangu wa nyuma nilikuwa mgongo vilevile. Wote sita tulivaa helmeti na miwani myeusi. Furaha ilikuwepo, siwezi kuikana. Nilikuwa ninakwenda, kama malori.

Adungosi ilitokea haraka kuliko nilivyozoea. Mama alikuwa amesimama kando ya lami, amevaa gauni lake la kanisani, ameshika mfuko wa plastiki wenye karanga. Mkono mmoja alikuwa ameuweka juu ya macho kukinga jua. Alitutazama tukija. Alitutazama wote, mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anavyotazama msafara wa wageni, akarudi nyuma hatua moja ili tupite.

Kisha akageuza uso tena upande wa Malaba, kumtafuta yule anayekuja nyuma.

"Mama!" niliita, lakini tulikuwa tumeshampita, na upepo ukalichukua neno ukalipeleka Busia. Niligeuka. Alikuwa bado amenipa mgongo, kisigino cha mguu mmoja kimeinuka kidogo, anachungulia mbali kwenye barabara tupu. Mbele yangu gurudumu la Otukei lilikuwa limeanza kujitenga. Nilihisi hewa ikiniingia kifuani, baridi, yote yangu.

"Ziba pengo, dada!" Otukei alipiga kelele bila kugeuka. "Ziba, utaachwa!"

Nikainama, nikaliziba.