Beseni la Wagonjwa

Mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona, na alipoona akatukana. Mimi sikushtuka. Tangu kiharusi kimpige, salamu zimempotea, majina ya watu yamempotea, hata neno "maji" analitafuta mpaka unamletea chai, maziwa na dawa ya kikohozi kabla hujapatia. Lakini matusi yalibaki yote, hakuna lililoanguka njiani. Nikamfuata kwenye kiti chake mbele ya tangi la samaki. Alikuwa anagonga kioo kwa kidole cha kushoto.

Yule samaki wa bluu alikuwa na vidoa vyeupe mwili mzima, kama amenyunyiziwa chumvi. Anajisugua kwenye jiwe, anageuka, anajisugua tena.

Nikamwambia mjomba hiyo ni chumvi tu, si wanaishi kwenye maji ya chumvi? Akaniangalia vile ninavyowaangalia wateja wanaodai tairi limeisha upepo lenyewe.

Hilo tangi kwetu si pambo. Mjomba alikuwa fundi wa kuchomelea, na stendi ya chuma inayolibeba aliichomelea mwenyewe, akaipandisha mpaka usawa wa kifua ili asiiname. Kiharusi kikaja kikauchukua mkono wa kulia, ule wa kazi. Daktari wa mazoezi akampa mpira wa kuminya. Mpira uko chini ya kabati mpaka leo, na ni yeye aliyeurusha huko. Kinachomtoa kitandani ni kitu kimoja: samaki mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari mieupe, tunamwita Mchokozi kwa sababu ukitia kidole anakung'ata. Kila asubuhi mjomba anatia kidole cha kushoto, anang'atwa, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ndipo siku inaanza. Mama, ambaye ni dada yake, alishasema samaki yule akienda, kaka yake naye hachelewi kumfuata. Mama si mtu wa utani kwenye mambo ya kufa.

Wa bluu aliletwa na shemeji, mume wa dada yangu. Alikuja naye kwenye mfuko wa plastiki, akammwaga ndani na maji yake yote, akapiga naye picha, akaenda zake. Sasa nilipompigia simu akasema samaki wake alikuwa mzima kama kigongo, labda amekuta ugonjwa kwetu. Nikamwambia mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wako ametuletea upele. Akakata simu.

Siku iliyofuata vidoa vilikuwa kwenye mapezi ya Mchokozi.

Mimi na shule tuliachana mapema, na sijawahi kuikumbuka. Kazi yangu ni kuziba pancha, gereji ya pale njia panda. Ninachoipendea ni kwamba inaisha. Unazamisha mpira kwenye karai la maji, mapovu yanakuonyesha tundu, unasugua, unabandika, unajaza upepo, anayefuata. Kwa hiyo nilienda kwa muuza samaki kama mtu anayeenda kununua kiraka. Nipe dawa, nimwage, nirudi kazini.

Muuza samaki alikuwa mama mmoja mnene, mpole, anakula karanga na kunigawia huku anaongea. Akaniambia vile vidoa ni vidudu. Vinamnyonya samaki, vikishiba vinaanguka chini, vinajifunika kwenye mchanga na mawe, vinazaana, halafu watoto wanapanda juu kutafuta samaki mwingine. Ndiyo maana utaona samaki amepona leo, ukafurahi, kesho kutwa yuko hoi. Dawa yenyewe ya shaba ipo, akasema, lakini ukiimwaga kwenye tangi utawaua wale kamba wadogo wanaosafisha mawe, na mawe yenyewe yatainywa, hutaitoa tena. Watoe samaki wote, watibu kwenye beseni pembeni. Tangi libaki na maji yake na mawe yake, bila samaki hata mmoja, wiki sita au zaidi. Vidudu vikikosa wa kumnyonya, vinakufa njaa.

"Wiki sita nafanya nini?" nikamuuliza.

"Unasubiri, mwanangu."

Nilitaka kumrudishia karanga zake.

Nikaleta karai la gereji. Mama akalinusa, akaona lile duara la oili, akaniuliza kama nataka kuwatibu au kuwakaanga. Akatoa beseni lake kubwa la kufulia, la plastiki, tukaliweka juu ya kigoda karibu na dirisha, tukachanganya maji ya chumvi, tukatia pampu ya hewa na dawa ya shaba. Kuwakamata ndiyo ilikuwa kasheshe. Samaki unayemwona kila siku mbele ya kioo, mtafute na wavu uone. Tulitoa mawe moja moja, sebule ikawa pwani, mama ananiambia taratibu, mjomba ananitukana kwa mpangilio mzuri kuliko anavyoongea. Mchokozi alikuja mwenyewe. Mjomba alizamisha mkono wa kushoto, naye akaufuata mpaka kwenye kikombe.

Wa bluu alikufa kabla hajamaliza siku kwenye beseni. Wa manjano akamfuata. Mchokozi alibaki kwenye kona, anahema, mapezi yamebana, na wenzake wawili wadogo wa kijani.

Niliweka sheria. Wavu wa beseni ni wa beseni. Kikombe cha beseni ni cha beseni. Ukigusa huku, usiguse kule kabla hujanawa na kukauka, maana tone moja la maji linatosha kuwarudisha wale wadudu kwenye tangi. Muuza samaki alinisisitizia hilo mpaka karanga zikamtoka mdomoni. Nikamweleza mama, nikamweleza mjomba. Mjomba akaitikia kwa kichwa.

Halafu ndiyo kusubiri. Mimi si mtu wa kusubiri. Mjomba ameniita Kiguu na Njia tangu naanza kutambaa, na hilo jina, kati ya majina yote aliyoyapoteza, amebaki nalo. Nilikuwa natoka gereji mchana naenda nyumbani kuangalia beseni, narudi gereji, nashika spana, naiweka, nakwenda tena. Bosi akaniuliza kama nyumbani nimeficha mke. Nikija naangalia Mchokozi: vidoa vimepungua. Naangalia tangi: mawe, kamba wawili, maji yanazunguka bure. Tangi bila samaki linakera. Ni kama televisheni iliyokatika sauti, unakaa unangoja kitu.

Vidoa vikaisha. Mchokozi akaanza kula, akaanza kung'ata. Mjomba akawa anaamka mapema, anakaa kati ya beseni na tangi, mchana kutwa. Mimi nikaanza kuhesabu siku zilizobaki, na zilikuwa zimebaki chache sana, siku niliporudi nyumbani ghafla kuchukua jaketi langu, nikamkuta.

Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya beseni, Mchokozi anachezea kidole. Mjomba akautoa, akajiinua kwa fimbo, akageukia tangi, akauzamisha uleule, unadondoka maji, akaokota jani dogo lililokuwa linaelea. Kwa upole kabisa. Kama mtu anayefuta vumbi mezani.

Hakuwa anafanya makusudi. Miaka yote ndivyo anavyofanya: anamsalimia samaki, halafu anasafisha uso wa maji. Kichwa kilisikia sheria, mkono haukusikia. Na wa kunawia ungekuwa upi? Mkono mmoja unajinawishaje? Hilo mimi sikuliwaza. Nilichowaza ni kwamba nilikuwa nimesubiri kwa kuuma meno, na yote yamekwenda na tone la maji.

Nikampigia muuza samaki nikiwa nimesimama palepale. Akasema pole, huwezi kujua kama vimeingia au havikuingia, anza kuhesabu upya.

Nikageuka kwa mjomba.

"Mkono huo unaofanya kazi ndio unaotuulia samaki," nikamwambia. "Bora na wenyewe ungekufa."

Mama alikuwa mlangoni na ndoo. Hakunipiga, nilishapita umri huo, ila aliiweka ndoo chini taratibu mno. Mimi nilikuwa namsubiri mjomba anitukane. Nilisubiri lile kubwa, analolitumia kwa mafundi wabovu. Yeye akarudi kwenye kiti, akauweka mkono wa kushoto mapajani, akauangalia.

Asubuhi yake hakutoka kitandani. Mama akampelekea uji, ukarudi. Mchokozi alikuwa amekaa juu juu ya maji upande ule wa kiti, anasubiri kidole. Nikamtilia changu, akaja, akakitazama, akaenda zake. Siku iliyofuata vilevile. Mama alipita karibu yangu na shuka mkononi, akasema bila kunitazama kwamba samaki amepona, sasa tumtafutie mjomba wako beseni.

Nilienda kazini nikafunga tairi la mtu nyuma mbele. Nikalifungua, nikalifunga, nikaingiza kidole, nikajikata. Bosi akaniambia niondoke kabla sijaua mteja.

Niliingia nyumbani kwa mlango wa jikoni, kwa hiyo hakunisikia. Alikuwa ametoka kitandani. Amekaa kwenye kiti, amekivuta mpaka goti linagusa beseni, na mkono wa kushoto ameukalia. Ameukalia kabisa, chini ya paja, kama mtoto aliyeambiwa asiguse keki. Ule wa kulia, ambao tangu hospitali unaning'inia kama nguo kwenye kamba, alikuwa anauvuta kwa bega. Anainua bega, mkono unapanda kidogo, unateleza. Jasho linamtoka. Anapumzika. Anainua tena. Vidole vikagusa ukingo wa beseni, vikaanguka.

Ndani, Mchokozi amegeukia upande ule, anangoja.

Nikasogea nimsaidie, nikaushika mkono kwenye kiwiko. Hapo ndipo nilipolipata lile tusi. Lilikuja lote, safi, na mengine mawili ya nyongeza niliyokuwa siyajui. Nikauachia mkono.

"Huu," akasema, akionyesha wa kulia kwa kidevu, "wa hapa." Akatafuta neno, akalikosa, akaonyesha tangi, halafu akajitikisa juu ya ule wa kushoto aliokuwa ameukalia. "Huu, huko."

Kumbe alikuwa amelala siku zote zile anaigeuza sentensi yangu, na alipoimaliza akaitoa sheria ambayo mimi mwenye sheria zote sikuiona: mkono mmoja kwa wagonjwa, mmoja kwa tangi, na hakuna kukutana.

Nilitaka kumwambia samahani. Nikasema nitaleta mto wa kuegemeza kiwiko. Akaitikia.

Hesabu tukaianza upya. Sikuipenda hata siku moja. Nilikuwa naamka, naangalia beseni, naenda mpaka njia panda, narudi, mama ananiuliza nimesahau nini, nasema hakuna. Mjomba yeye alikuwa na kazi yake. Kwanza ukingo. Halafu kucha ndani ya maji, kwa bahati, kwa kuangukia. Halafu akawa anaufikisha na kuuacha uelee, na Mchokozi anauzunguka, hajauzoea huo, unanukia mjomba ila haujikunji kama mjomba. Siku alipoung'ata nilikuwepo, nimesimama mlangoni na kiatu kimoja. Mjomba akavuta pumzi. Kidole cha shahada kikajikunja, kidogo tu, kama kinachoita mtu. Daktari wa mazoezi alipokuja akauliza kama mpira umesaidia. Mama akamwambia umesaidia sana.

Tukawarudisha samaki kwenye tangi, kila mmoja akiwa hana kidoa hata kimoja. Mama akalichukua beseni lake, akalisugua mara tatu, halafu akaenda kununua jingine.

Na hapo tena tatizo. Mikono yote miwili sasa ina ruhusa, lakini mjomba hataki kutumia wa kushoto. Anataka ule wa kulia, na tangi liko juu, kifuani, kwa sababu yeye mwenyewe alilijengea mtu mzima mwenye mikono miwili. Akajaribu, mkono ukaishia kwenye chuma chake alichokichomelea. Akajitukana mwenyewe, kwa haki.

Hii sasa ilikuwa kazi ninayoijua. Nikaleta kutoka gereji tairi kuukuu la lori, nikaliosha mpaka mama akaridhika, nikalilaza mbele ya stendi, nikapigilia ubao juu yake, nikafunga kiti juu ya ubao, na bomba la kushikilia pembeni. Shemeji alipoona akasema ni kiti cha mfalme. Mjomba akamjibu, na shemeji hajarudi tena wiki hii.

Sasa kila asubuhi anapanda, taratibu, fimbo, mguu, fimbo. Mkono unachukua muda wake kufika. Mimi nimevaa, nimechelewa, nimefika mlangoni, narudi. Naangalia mapezi ya Mchokozi. Punje ya mchanga inapita mbele ya kioo, moyo unaruka. Naangalia tena. Naenda upande wa pili kumwona ubavu wa pili.

"Kaa chini, Kiguu na Njia," mjomba akasema leo, maneno yote kwa mpangilio. "Unamtisha."

Nikakaa kwenye ukingo wa tairi, karibu na miguu yake. Mkono ulikuwa ndiyo kwanza umefika kwenye kioo, unapanda.