Kitambaa Cheusi Mwisho wa Kipupwe

Kila mwisho wa kipupwe, duka la Casa Urtubey pale Montevideo lilikuwa likijitapisha. Makoti, sufu, flaneli, magauni ya dirishani yaliyokosa wenyewe, vyote vilimwagwa mezani kwa bei ya kutupa, ili pamba za maua za majira yajayo zipate pa kukaa. Wanawake wa mji ule waliingoja siku hiyo kama sikukuu. Waliojuana walisalimiana mlangoni kwa upole, wakaulizana hali za watoto, kisha mlango ukafunguliwa na hakuna tena aliyemjua mwenzake. Kiwiko kilikuwa kiwiko.

Elbia Sarasúa aliingia na kundi hilo akiwa na nia moja tu, tena njema: flaneli ya kumshonea mama yake gauni la kulalia. Bi Casilda alikuwa kitandani tangu baridi ianze, kifua kikimkoroma kama birika, na wiki ile daktari alikuwa ameacha kuandika dawa mpya, jambo ambalo kila mwenye mgonjwa ndani anajua maana yake. Padri naye alikwisha kupita na mafuta yake. Elbia alimwacha mama amelala, akaficha ufunguo chini ya chungu cha maua, pale ambapo mtaa mzima ulijua upo, akapanda tramu.

Flaneli aliipata. Angeshuka ngazi saa ile ile akaenda zake, yasingekuwepo ya kusimulia. Lakini meza ya flaneli ilipakana na meza ya nguo za msiba, na juu yake kulikuwa na jora la sufu nyeusi, laini, nzito kiasi cha kuanguka vizuri mwilini, aina ambayo watu wa mtaa wake waliizoea kupitia kioo cha duka. Na bei yake siku hiyo ilikuwa bei ya kitambaa cha shuka.

Elbia aliiwekea mkono, akaikumbuka mvua.

Baba yake alikufa yeye akiwa kigori. Kule mtu akifiwa na mzazi huvaa nyeusi tupu mwaka mzima, na mwanamke anayetokeza na ua au mstari kwenye nguo husemwa kuanzia kanisani hadi buchani. Mwenye uwezo hununua, asiye nao huchemsha. Bi Casilda, aliyeshona nguo za wake za watu na yeye hana za kwake, alichukua gauni la bluu la bintiye akalitumbukiza kwenye sufuria ya rangi, akalikoroga kwa mpini wa ufagio. Siku ya maziko ikanyesha. Rangi ikamshuka msichana shingoni, ikashuka mikononi, ikaingia kwenye soksi nyeupe, na kila aliyekuja kumpa mkono wa pole aliondoka na kiganja cheusi. Mke wa mwenye nyumba alizitazama glavu zake, akasema kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu huisikia:

"Masikini, hata huzuni yao inachuja."

Maneno hayo Elbia alikuwa ameishi nayo hadi nywele zilipoanza kuingia mvi. Basi akasimama mbele ya lile jora akajiambia: mama akienda, Mungu apishilie mbali, nitakimbilia wapi? Nitachemsha tena? Wahenga walikataza kukata kanzu kabla mwana hajazaliwa. La kukata nguo ya matanga mtu angali anapumua hawakulitaja. Labda hawakudhani angetokea wa kulifanya.

"Mita ngapi, bibie?" aliuliza Bwana Lacuesta, muuzaji wa meza ile, mtu mzima mwenye kalamu sikioni.

"Za gauni. La mikono mirefu."

Alilisema akitazama chini. Bwana Lacuesta aliisikia sauti ile ndogo, akayaona na macho mekundu ya mtu anayekesha, akaitoa kalamu sikioni kama mwingine anavyovua kofia.

"Pole sana, bibie. Ni nani aliyekutoka?"

Neno moja lingemwokoa hapo. Lilikuwepo, lilimfika mpaka ulimini: bado. Lakini utamwambiaje mtu usiyemjua, na mkono wako umeshashika nguo nyeusi, kwamba hakuna aliyekufa, ila bado? Neno hilo aliliona baya kuliko uwongo.

"Mama," alisema.

Sasa pale Casa Urtubey, hata siku ya punguzo, mnunuzi wa nguo za msiba hapangi foleni. Bwana Lacuesta akapaza sauti: "Akina mama, mpisheni mfiwa." Na wale wale waliokuwa wakichimbana viwiko wakafunguka katikati kama pazia. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akamshika bega. Kikongwe aliyekuwa akivutana koti na mkwewe akaliachia, akatoa leso.

"Na hii flaneli?" aliuliza Bwana Lacuesta, akifunga kifurushi.

"Ya kulalia."

"Ya kumvisha marehemu," Bwana Lacuesta alijisahihishia mwenyewe, akaikunja upya kwa heshima zaidi.

Elbia alipita katikati ya wanawake wale na kifurushi kifuani. Hakuna siku aliyowahi kuheshimiwa namna ile, na angetoa chochote ili mmoja wao amtukane.

Asichokiona ni kwamba nyuma ya nguzo, kwenye meza ya mapazia, alikuwepo Bi Pocha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Bi Pocha alisikia kila neno. Aliangusha kitambaa alichokipigania tangu asubuhi, akakimbilia tramu.

Elbia yeye hakupanda tramu mara moja. Alikwenda kukaa kwenye benchi la uwanjani, kifurushi mapajani, akawaza kukirudisha. Lakini vitu vya punguzo havirudishwi, na hata kama vingerudishwa, angemwambia nini Bwana Lacuesta? Kwamba mama kafufuka? Mwishowe akaamua: atakipandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku, na hakuna atakayejua. Akainuka na uamuzi huo kama mtu aliyekwisha kutubu.

Alipokunja kona ya mtaa wao, aliona viti. Watu walikuwa wakibeba viti kuelekea nyumbani kwake. Muuza duka la chakula alikuwa ameshusha mlango nusu. Wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai ya mate ukutani walivua kofia walipomwona, wakainamisha vichwa.

Nimemchuria, alijisema. Nimemnunulia kifo na kimefika kabla yangu. Akakimbia, akavuka kizingiti, akapenya katikati ya migongo ya majirani, akasikia sauti kutoka chumbani:

"Nawaulizeni kwa mara ya mwisho, nani amekufa, na mbona mimi mwenye nyumba siambiwi?"

Bi Casilda alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, nywele zimesimama, anawatazama watu waliojaa chumba chake na mishumaa mikononi. Kinyozi Froilán alikuwa ameshika shada la maua na hakujua pa kuliweka. Bi Pocha alikuwa mbele ya wote, macho bado mabichi, ila sasa kwa hasira.

"Huyu hapa kaja," alisema Bi Pocha. "Muulizeni yeye. Mimi nimeacha kitambaa changu cha mapazia, nimemwachia mwanamke ambaye sidhani hata dirisha analo, nimekuja mbio kukulilia, Bi Casilda, nimekulilia toka kwenye tramu, watu wakinitazama, nafika hapa unaniuliza kama nimeleta biskuti."

"Na hukuleta," alisema Bi Casilda.

"Nimesikia kwa masikio yangu. Muuzaji kauliza, nani kakutoka? Huyu kajibu, mama. Una mama mwingine, Elbia? Tuambie yuko wapi tukamlilie huyo, maana viti tumeshabeba."

"Na mimi nimeshampigia simu Ataliva kule Las Piedras," Froilán alisema kwa unyonge. "Kasema anapanda treni."

"Kaka yangu?" Bi Casilda alikohoa, ikawa kama anacheka. "Kipupwe chote naumwa hajatia mguu. Mwacheni aje. Nilikuwa sijui kumbe kumleta ni kazi ya kufa tu."

Kisha macho yote yakashuka kwenye kifurushi. Kilikuwa na karatasi ya duka na kamba yake, na pembeni, pale karatasi ilipochanika, weusi ulikuwa umechungulia. Elbia aliufunika kwa kiganja. Alitafuta neno. La mvua, la baba, la glavu za yule mwanamke. Yote yalikuwepo kichwani na hakuna lililokubali kutoka. Lililotoka ni hili:

"Bei ilikuwa rahisi."

Mshumaa wa mtu ulidondosha nta sakafuni na mwenyewe akainama kuibandua kwa ukucha, afadhali apate pa kutazama.

"Asanteni kwa kuja," alisema Bi Casilda. "Nimeona mnanipenda. Viti vyenu visisahaulike."

Wakatoka mmoja mmoja kwa ncha za viatu, kana kwamba kweli kuna maiti. Froilán aliliegemeza shada nyuma ya mlango. Bi Pocha alikuwa wa mwisho.

"Siku yenyewe ikifika, shoga," alimwambia Elbia, "uje unigongee wewe mwenyewe, na unilete nimwone. Kwa maneno matupu mimi siji tena."

Walipobaki wawili, mama alinyoosha mkono. "Lete."

"Mama, nitakitupa."

"Lete hapa."

Elbia alikiweka juu ya blanketi. Bi Casilda alifungua kamba, hakuikata. Fundi haharibu kamba. Aliisogeza flaneli pembeni, akaipeleka ile sufu kwenye mwanga wa dirisha, akaifikicha kwa kidole gumba. Akatia mate kwenye kidole, akasugua kitambaa kwa nguvu, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Haichuji," alisema.

Elbia aliufunika uso.

"Ulidhani niliisahau ile mvua?" mama aliendelea, bado anakitazama kidole. "Rangi ile ilitaka chumvi nyingi ndiyo ishike. Ndani kulikuwa na chumvi ya kupikia tu. Nikaipima kwa macho, nikasema, nikiimwaga yote hii, kesho mtoto atakula nini chenye ladha? Nikatia nusu. Yule mke wa mwenye nyumba alipoziangalia glavu zake, mimi sikuwa namlilia baba yako. Nilikuwa nahesabu ile nusu nyingine iliyobaki kwenye mtungi."

"Mama, nisamehe."

"Sijasema nimekusamehe. Futi iko kwenye kibweta, na pini pia. Panda juu ya kigoda."

"Mama, siwezi. Usiishone wewe."

"Nani ataishona? Umpelekee yule wa mtaa wa pili anayeshona kwapa kama mfuko wa viazi? Panda. Simama wima. Sitaki siku yangu waseme binti wa Casilda fundi bega moja limelala."

Elbia alipanda. Mama alijikokota hadi ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, kifua kikikoroma, akaanza kumzungushia kitambaa. Mikono ilimtetemeka hadi pale ilipogusa sufu, kisha ikatulia. Weusi ulipanda kiunoni, ukapanda kifuani, ukafika shingoni. Dirishani majirani walikuwa bado wanarudisha viti vyao, na kila aliyepita aligeuza shingo.

"Nifunge pazia, mama?"

"Liache. Wamepoteza asubuhi yao, angalau waone kitu." Alisema hivyo na pini zimejaa mdomoni. Baadaye kidogo: "Kiunoni nakuachia nafasi kwenye mshono. Pana."

"Ya nini?"

"Ya kunenepa. Sina haraka, mimi."

Elbia alisimama, uso ukimwaka, hathubutu kulia wala kujikuna. Pini ilimchoma ubavuni naye akanyamaza. Aliona ni haki yake. Mama yake alikuwa akimzunguka taratibu kwa vidole, akimvisha kilio chake mwenyewe, na kila alipoinamisha kichwa kuangalia upindo, Elbia aliuona utosi wake mweupe, mwembamba, na akatamani sakafu impokee.

Jioni ilipoanza kuingia, mlango ulipigwa kwa ngumi, na nje sauti ya mwanamume ikalia: "Dada yangu! Dada yangu mie!"

"Ataliva," alisema Bi Casilda, na kwa mara ya kwanza alionekana kuchoka. Akajiegemeza kwenye mto. "Nenda ukamfungulie. Polepole, pini zisimwagike."

"Hivi nilivyo?"

"Hivyo hivyo."

Elbia alishuka kwenye kigoda. Alipita karibu na shada la Froilán, akafungua. Mjomba Ataliva, tai nyeusi shingoni na kofia mkononi, alimwona katika nguo ile kutoka koo hadi kifundo cha mguu, wala hakuuliza lolote. Alimwangukia begani akilia kama mtoto, na pini zikawachoma wote wawili. Mtaa mzima ulikuwa umesimama milangoni unatazama.

Neno lilikuwa lile lile, limemngoja ulimini tangu asubuhi. Safari hii hapakuwa na pa kulimezea.

"Bado, mjomba," alisema. "Bado."