Tisa Iliyopinduka

Miaka kumi na mitano sasa nashona jezi za timu ya wasichana ya mtaani kwetu. Zamani watazamaji tulikuwa akina mama watatu na mlinzi wa uwanja, naye alisinzia. Siku hizi mpira wa kikapu una ligi ya kulipwa. Tiketi zinaisha asubuhi, na watoto wanavaa fulana zenye majina ya wachezaji. Hata hivyo kocha hakuniacha. Alisema mkono uliowavisha wakati wa dhiki ndio utakaowavisha wakati wa neema.

Mchana ule mjukuu wangu, wanayemwita Ngazi kwa urefu wake, alikuwa acheze mechi yake ya kwanza ya kulipwa. Robo saa kabla ya kuanza, mwamuzi akamsimamisha. Karatasi ya majina ya wachezaji ilisema tisa, lakini jezi yake ilisema sita, na mchezaji wa namba sita mwenyewe alikuwa amesimama kando yake. Mwamuzi akaeleza kwa upole kwamba wawili hawavai namba moja. Filimbi ikilia jezi haijarekebishwa, jina lake linafutwa.

Kosa lilikuwa langu. Mimi hukata namba zote kwanza, kisha huzipanga mezani. Juzi nilihamia upande wa pili wa meza kufuata mwanga wa dirisha, na tisa ikanigeukia sita.

Nikashuka jukwaani na mkoba wangu. Ngazi alivua jezi, akajifunika taulo, machozi yakimlengalenga. Kufumua kwa wembe hakukunishinda. Kilichonishinda ni kutunga uzi. Sindano ikanikataa mara tatu.

Nahodha wa timu pinzani, msichana mwenye mabega kama mlango, akaja kuchuchumaa mbele yangu. Nilidhani amekuja kutucheka.

"Nipe uzi, Bibi," akasema. "Mama yangu pia ni fundi."

Akanitungia sindano, akajitungia na yake. Mimi nikashona namba ya kifuani, yeye ya mgongoni, nikimkumbusha apitishe mkono ndani tusije tukashona mbele na nyuma pamoja. Wenzake wakamtania kwamba anamvisha adui.

"Kumshinda aliyekaa benchi ni kushinda kiti," akawajibu, bila kuinua macho.

Saa ya kuanza ilifika tukiwa na kona moja bado. Mwamuzi akatazama saa, akatutazama, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu. Akaifunga, akaifungua, akahamia kiatu cha pili. Alipoinuka, Ngazi alikuwa amevaa.

"Pumua, mke mwenzangu," nikamwambia, naye akacheka.

Mwamuzi akamgeuza, akasoma tisa mbele na tisa nyuma, akamruhusu. Nikakaa pale pale pembeni mwa uwanja, na hakuna aliyenifukuza.

Timu yetu ilifungwa kwa tofauti ya pointi kumi na moja. Ngazi alifunga pointi nne. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na kila yule nahodha alipofunga, nilimpigia na yeye.